Kabla fundi hajaifungua hiyo deki, ijaribu kwa CD ya kiwandani

Usimpelekee fundi deki hiyo kesho. Iache hapo ilipo, chomoa waya wa umeme, kisha usome maneno haya hadi mwisho, kwa sababu nilipofika pale ulipoandika kwamba fundi amekuahidi "kuiongezea lenzi nguvu" kwa shilingi 15,000, nilikiweka chini kikombe cha chai. Maneno hayo hayo, kwa bei hiyo hiyo, niliambiwa mimi hapa Mtwara mwezi Machi 2024, nami nikayaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachokiitikia.

Kwa faida ya wanaoingia sasa, mleta mada yuko Lindi, amenunua deki ya CD ya mtumba kwa ajili ya muziki wa sebuleni, deki inasoma nyimbo za mwanzo vizuri na kuanza kuruka ikifika za mwisho, na ameuliza mambo matatu: chanzo cha kuruka huko, ukweli wa maneno ya fundi, na waya unaofaa kuiunganisha na amplifaya. Nitayajibu yote. Naanza na la fundi kwa kuwa ndilo linaloungua.

Mimi ni mwalimu, naishi Shangani, na kishamba changu cha mikorosho kiko upande wa Nanyamba. Malipo ya korosho ya msimu wa 2023 yalipoingia, niliamua kwamba baada ya miaka mingi ya kukaa na sabufa inayonguruma kama lori la mchanga, nami sasa nitakuwa na muziki wa kusikilizwa, si wa kutingisha madirisha. Nikanunua deki ya mtumba kwa shilingi 220,000, nyeusi na nyembamba, ya daraja la chini miongoni mwa ndugu zake lakini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu ya kusoma CD, nikaiunganisha na amplifaya ya zamani na spika mbili za mbao. Wiki za kwanza nilikuwa mtu wa kuvumiliwa kwa shida. Kila aliyekuja kunijulia hali alikalishwa kwenye kiti cha katikati na kuombwa asiongee.

Kisha tatizo likaanza, na lilikuwa kama lako neno kwa neno. Nilikuwa na CD tisa za kaswida nilizochomewa kwenye duka moja la vifaa vya ofisi mjini, zote zikiwa zimebandikwa karatasi ya duara yenye picha ya msikiti. Ziliimba vizuri hadi wimbo wa nane hivi, halafu sauti ikaanza kukatika, tiki, tiki, tiki, kama mtu anayepasua karanga pembeni ya kipaza sauti, na mwishowe wimbo ukawa unarudi nyuma au unaruka kabisa. CD moja tu ndiyo haikuruka hata mara moja, nayo ilikuwa ya taarabu, ya kununuliwa dukani, ambayo mama mkwe aliisahau kwangu aliporudi Unguja. Ilikuwa imekwaruzika vibaya kwa sababu ilikuwa ikikaa kwenye droo moja na funguo, lakini iliimba tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapo naomba usome polepole. Jibu la tatizo langu nilikuwa nalo mkononi, tena lina udi na kanuni, zile ala za taarabu, nikalisikiliza jioni nne mfululizo, na hitimisho nililolitoa ni kwamba taarabu haina besi nzito, ndiyo maana deki inaimudu. Aliyesema hivyo ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wangu wakiusoma uzi huu nitahamia Liwale.

Nikaipeleka kwa fundi. Simtaji jina wala sisemi kibanda chake kiko wapi, maana tunakutana naye msikitini na bado ananisalimia kwa heshima, jambo ambalo linaniudhi zaidi kuliko kama angenikwepa. Aliiwasha deki, akasikiliza tiki mbili tatu, akaizima.

"Mwalimu, lenzi imechoka," akasema. "Ya karibu inaiona, ya mbali haiioni. Tuiongezee nguvu kidogo."

Mimi navaa miwani. Hoja ya kuona karibu na kutoona mbali ikaniingia papo hapo, sikuuliza swali lolote. Akafungua kifuniko, akalisogeza kwa kidole lile jicho dogo linalopanda na kushuka chini ya CD, akachukua bisibisi ya fundi saa na kuielekeza kwenye kiskrubu kilichokuwa ubavuni mwa lenzi, kidogo kama punje ya ulezi, akakigeuza. Robo ya mzunguko, pengine zaidi kidogo. Hakuwa na mita. Hakusoma kibandiko chochote. Aliinama tu, akaliweka jicho lake juu ya lenzi ili aone kama "imewaka vya kutosha", akaridhika, akarudisha kifuniko, akatia CD yangu ya tatu, akabonyeza hadi wimbo wa tisa. Ukaimba. Ukaimba wa kumi. Vijana waliokuwa kibandani wakapiga makofi, nami nikawanunulia soda.

Sasa nieleze alichokifanya, kwa sababu ndicho atakachokufanyia wewe kesho. Ndani ya lenzi mna diodi ya leza, kijitaa kinachotoa mwanga wa kuisomea CD, na mwanga wake una urefu wa mawimbi wa nanomita 780 hivi, ambao kwa sehemu kubwa jicho la mtu haliuoni; ile nukta nyekundu hafifu unayoiona si kipimo cha kitu chochote, na kuchungulia namna ile ni kuhatarisha jicho bure. Diodi hizi hazilingani hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Kwa hiyo kila moja hupimwa peke yake, na kile kiskrubu huwekwa mahali panapoifaa diodi ile na si nyingine, kisha hakitakiwi kuguswa tena. Kwenye lenzi nyingi za Sony, ambazo zimo ndani ya deki za majina mengi, kuna hata kibandiko chenye tarakimu zinazoonyesha mkondo wa umeme ambao diodi hiyo ilikuwa ikiutumia ilipokuwa mpya, kwa kawaida miliampia 40 hadi 60 hivi, ili fundi mwenye mita apime wa sasa na kulinganisha. Mkondo ukiwa umepanda sana kupita kibandiko, kweli lenzi imezeeka na inastahili kubadilishwa. Usipokuwa umepanda, lenzi haina kosa, na unapaswa kutafuta mahali pengine.

Ukikigeuza kiskrubu hicho kwa kubahatisha, unailazimisha diodi ipitishe umeme kuliko kiwango ilichopimiwa. Mwanga unaongezeka, deki inaanza kusoma hata CD mbovu, na kila mtu anamsifu fundi. Lakini diodi inapata joto, na ikipata joto inachakaa haraka, na ikishachakaa huwezi kuiponya kwa kukirudisha kiskrubu nyuma. Ni sawa na kumchapa punda aliyesimama kwa kuwa mbele yake kuna shimo. Atatembea, ndiyo, lakini shimo liko pale pale.

Yangu ilidumu siku kumi na tisa. Nazijua kwa sababu tulikuwa ndani ya Ramadhani, na deki ilikata roho siku ya Idd, Aprili 2024, sebule ikiwa imejaa wageni kutoka Mikindani na Newala, sahani za pilau mikononi. Nilisimama mbele yao kama mhubiri, nikatoa maelezo mafupi kuhusu tofauti ya sauti safi na kelele, nikabonyeza kitufe. CD ikazunguka, ikasita, ikazunguka tena, kisha kioo kikaandika NO DISC, yaani hakuna CD. Nikaitoa, nikaifuta kwa kanzu, nikairudisha. NO DISC. Nikatia ile ya mama mkwe, ambayo haikuwahi kunitupa mkono. NO DISC. Shemeji yangu mdogo, kijana ambaye sijawahi kumwomba ushauri wowote, aliinuka kimya kimya, akachomeka simu yake kwenye ile sabufa niliyokuwa nimeihamishia chumba cha watoto, na sikukuu ikaendelea bila mimi.

Ukidhani hasara iliishia hapo, hunijui. Fundi alisema lenzi ilikuwa "imeshachoka sana", kwamba yeye aliiongezea siku tu, na kwamba dawa ni kununua mpya. Angalia ujanja huo: mtu anaiua, kisha anapokea pole kama mfiwa. Nikaagiza lenzi Dar es Salaam kwa shilingi 48,000, nikamlipa 20,000 ya kuifunga. Ikafungwa. NO DISC. Akasema imekuja mbovu, akabaki nayo. Nikaagiza nyingine kwa muuzaji mwingine, 55,000, na hiyo ilituma salamu tu, maana ilikuwa njiani na basi wakati ule wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam ilipokatika upande wa Somanga. Ilifika baada ya muda mrefu ikiwa kwenye boksi lililolowa, nikalipa 20,000 nyingine. NO DISC. Jumlisha na zile 15,000 za robo mzunguko uone: shilingi 158,000 juu ya deki ya shilingi 220,000, na ndani ya nyumba kimya.

Aliyenitoa kwenye giza hilo ni mzee mmoja wa Mikindani, fundi umeme aliyestaafu bandarini, ambaye ana deki yake ya CD anayoitunza kuliko baiskeli. Nilimpelekea deki nikiwa nimeifunga kwenye kitenge kama mgonjwa. Aliifungua, akatoa kioo cha kukuzia, akaitazama ile lenzi mpya kwa muda wa dakika moja, akacheka.

"Mwanangu, hii hawajaifungua macho," akasema.

Akanionyesha. Lenzi nyingi za aina ile huuzwa zikiwa na tone dogo la risasi ya kulehemu lililounganisha sehemu mbili za ubao wake, makusudi, ili umeme wa msuguano kwenye vidole au kwenye mfuko usiichome diodi ikiwa njiani. Ukishaifunga lenzi mahali pake, tone hilo huondolewa kwa chuma cha kulehemu. Lisipoondolewa, leza haiwaki kabisa. Fundi wangu hakuliondoa kwenye ya kwanza, hakuliondoa kwenye ya pili, na ile ya kwanza aliyobaki nayo kwa kuwa ni "mbovu" bila shaka ilikuwa nzima kama sikio langu. Mzee aliliondoa kwa muda usiozidi pumzi tatu, akatia CD ya mama mkwe, na udi ukalia. Nilikaribia kumbusu.

Kisha nikampa CD yangu ya tatu ya kaswida ili tusherehekee. Wimbo wa tisa, dakika ya pili na sekunde kumi na nne: tiki, tiki, tiki.

Lenzi mpya kabisa. Mahali pale pale.

Mzee akaitoa, akaitia kwenye deki yake mwenyewe, ambayo haina udugu wowote na yangu. Wimbo wa tisa, dakika ya pili, sekunde kumi na nne. Akaniangalia juu ya miwani na kuniuliza swali ambalo ndilo nakuuliza wewe, ndilo sababu ya maandishi yote haya, na ambalo laiti fundi angeniuliza mwezi Machi ningekuwa na shilingi 158,000 zangu: "Ulishaijaribu kwa CD ya kiwandani?"

Nilikuwa nimeijaribu. Jioni nne. Nilikueleza.

Ndugu yangu, CD ya kiwandani na CD ya kuchomwa ni vitu viwili vinavyofanana umbo tu. Ile ya kiwandani imegongwa: vishimo vyake vimo ndani ya plastiki yenyewe, vimefunikwa kwa utando wa alumini, na kwa mujibu wa vipimo vya Philips na Sony, walioiingiza CD sokoni mwaka 1982, inatakiwa kurudisha angalau asilimia 70 ya mwanga. Ya kuchomwa haina vishimo. Ina rangi iliyopakwa, na kichomeo cha kompyuta huiunguza rangi hiyo kidogo kidogo ili kuacha alama. Rangi hiyo inaogopa jua na joto, na wewe wa Lindi na mimi wa Mtwara tunajua dirisha la sebule saa tisa alasiri lina nini. Zile zinazoweza kufutwa na kuandikwa upya ni mbaya zaidi kwa deki zetu, kwa kuwa hurudisha asilimia 15 hadi 25 tu ya mwanga, na deki nyingi za zamani haziwezi kuzisoma hata ziwe mpya.

Na kwa nini zinaruka nyimbo za mwisho? Kwa sababu CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kinyume cha santuri za wazee wetu, hivyo wimbo wa mwisho uko nje kabisa. Kijana wa dukani akichoma kwa kasi ya juu ili ahudumie foleni, kichomeo huongeza kasi kadiri kinavyoelekea nje, na kazi inaharibika huko huko. Ukibandika na karatasi ya duara ambayo haikukaa katikati sawasawa, CD inazunguka huku inayumba, na ukingo ndio unaoyumba zaidi. Wakati huo lenzi inatakiwa kufuata mistari iliyoachana kwa maikromita 1.6, yaani kwenye unene wa unywele mmoja wa kichwa hupita mistari arobaini hivi. Ningekuwa mimi ndiye lenzi, ningeruka mapema zaidi.

Ile ya mama mkwe iliyokwaruzwa na funguo haikuruka kwa sababu data kwenye CD zimetawanywa na kuongezewa tarakimu za kusahihisha, kiasi kwamba pengo la milimita mbili kwenye mstari hujazwa bila wewe kusikia chochote. Deki haisumbuliwi na mkwaruzo mdogo kwenye CD nzuri. Inasumbuliwa na CD ambayo ni dhaifu kila mahali, mpaka akiba yote ya kusahihisha inaisha, kwanza inaanza kukisia sauti, kisha tiki, kisha inaruka. Kwa hiyo usiitazame mikwaruzo. Itazame rangi.

Fanya hivi usiku huu. Geuza CD zako unazozijaribia, uziweke chini ya taa. Ikiwa upande wa kusomwa ni fedha tupu, na kwenye ule mduara wa ndani karibu na tundu kuna namba na herufi ndogo zilizochorwa, mara nyingi pamoja na neno IFPI, hiyo ni ya kiwandani. Ikiwa ina kivuli cha kijani, bluu au dhahabu, na hasa ukiona mpaka kama wa pete unaotenganisha sehemu iliyoandikwa na isiyoandikwa, hiyo imechomwa, hata kama gamba lake lina picha ya msanii na bei. Nyingi tulizouziwa stendi ni za namna hiyo. Tafuta moja ya kiwandani, azima kwa jirani, kwa shangazi, kanisani au madrasa, popote, mradi iwe ndefu yenye zaidi ya dakika sitini ili ifike ukingoni. Itie. Sikiliza hadi wimbo wa mwisho. Ikiimba yote bila tiki, deki yako ni nzima, na mtu yeyote anayekuambia lenzi imechoka mwonyeshe mlango kwa adabu.

Hata ikiruka ya kiwandani, bado lenzi haijahukumiwa. Hapa pwani hewa ina chumvi, na juu ya kile kioo kidogo, ambacho mara nyingi ni plastiki, hujengeka ukungu mwembamba. Futa kwa pamba ya masikio iliyotiwa tone la spiriti ya isopropili, kwa mguso mwepesi kama unayefuta chozi la mtoto, kwa sababu kioo hicho kimening'inia kwenye nyuzi nyembamba sana. Usitumie thina wala petroli. Nimeona kioo kilichopakwa thina kikabaki cheupe kama jicho la samaki aliyekaangwa. Kisha angalia reli ambayo lenzi inateleza juu yake. Grisi ya miaka ishirini hugeuka kuwa nta, na lenzi inakwama ikielekea nje, dalili ikiwa ni ile ile ya kuruka nyimbo za mwisho. Ifute, weka grisi mpya kiasi cha kichwa cha kiberiti. Ukishayafanya hayo na bado inaruka, hapo ndipo pa kutafuta fundi, na umuulize swali moja tu kabla hajashika bisibisi: utapima mkondo wa diodi kwa kifaa gani? Akijibu "kwa macho", funga deki yako kwenye kitenge urudi nyumbani.

Nina hasira na fundi wangu, lakini nina hasira zaidi na yule kijana wa mtandaoni ambaye video yake niliitazama usiku kabla ya kwenda kibandani, anayekigeuza kiskrubu huku muziki wa furaha unapigwa nyuma yake, CD inaimba, video inaisha. Bila shaka inaisha! Ingeendelea siku kumi na tisa zaidi tungeona mengine. Nimemwandikia chini ya video hiyo mara mbili. Mara ya kwanza alinijibu kwa kikatuni cha kidole gumba, mara ya pili aliufuta ujumbe wangu.

Kuhusu waya uliouliza, waya wowote mzuri wa RCA wenye ncha nyekundu na nyeupe zinazokaza unatosha, na hakuna haja ya kununua wa bei ya mbuzi. Lakini kabla ya waya angalia nyuma ya deki yako imeandikwa volti ngapi, maana hukusema imetoka nchi gani. Ikiwa imeandikwa 100 V, ni ya soko la Japani, na umeme wetu ni wa 230 V. Kile kiunganishi cha plagi wanachokupa bure hubadilisha umbo la pini tu, volti hakigusi, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kushusha. Kama imekuwa ikiwaka siku zote hizi bila moshi basi yamkini iko sawa, na turudi kwenye CD.

Zile zangu tisa nilizinakili upya. Nilikaa na kompyuta ya shule jioni tatu, nikaokoa ninachoweza kuokoa, nikanunua CD tupu za afadhali, nikazichoma kwa kasi ya chini kabisa iliyokubalika, kwa mfumo wa CD ya sauti na si wa faili za MP3, na sikubandika karatasi yoyote. Niliandika kwa kalamu laini tu. Saba kati yake zinaimba hadi mwisho. Mbili zilishakufa kwenye dirisha. Deki inaendelea kufanya kazi, ingawa lenzi hii ya pili, ambayo naamini ni ya kuigiza, huchukua sekunde kadhaa zaidi kuitambua CD kuliko ile ya awali iliyouawa, na kila inaposita kabla ya kuanza mama watoto huniangalia bila kusema neno.

Usiku huu, kwa hiyo, CD ya kiwandani, ndefu, hadi wimbo wa mwisho. Rudi hapa uandike ni ya rangi gani upande wa chini, na kama imeruka, andika wimbo wa ngapi, dakika na sekunde. Na mpigie fundi umwambie kesho una msiba.